Nirudishie Makunyanzi Yangu

"Nirudishie makunyanzi yangu," bibi alisema, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza ya daktari kama mtu anayerudisha dukani viatu vilivyombana.

Daktari wa ngozi aliitazama. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, na ilimpendeza. Vipindi vitatu vya leza, madoa ya uzee yameyeyuka, ngozi imekaza na kung'aa. Mikono ya msichana, mwenye mikono ana miaka sabini na sita.

"Bibi, watu huja hapa kuyaondoa."

"Najua, mwanangu. Binti yangu ndiye aliyenileta, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hakufikiria, wala mimi sikufikiria. Sasa mjukuu wangu halali."

Ikabidi aeleze. Yeye ndiye aliyemlea mjukuu huyo tangu akiwa na miezi miwili, na hajawahi kupata usingizi bila kufinya ngozi ya mgongo wa mkono wa bibi yake. Anaivuta, anaiachia, anaivuta, mpaka macho yanalegea. Sasa hakuna cha kuvuta. Vidole vinateleza tu. Leo siku ya tatu anajigeuzageuza kitandani, maziwa hataki, ukimsemesha anafoka.

"Umempa mdoli?" daktari aliuliza. Naye alikuwa na watoto wawili nyumbani.

"Nimempa. Akanitazama vibaya."

"Mkono wa mtu mwingine?"

"Tumemleta jirani, fundi viatu. Mzee wa miaka themanini, mkono kama gome la mti. Mtoto kakataa katakata. Anasema unanuka gundi."

"Basi mwacheni alie, atachoka mwenyewe."

"Haiwezekani. Jioni kuna safari. Asipolala mchana huu, safari nzima ataiharibu."

Hapo daktari aliguna. Wa kwake alikosa usingizi siku moja tu, wakashushwa kwenye basi.

"Leza hairudi nyuma, bibi."

"Hata kidogo? Nimeiloweka kwenye maji ya sabuni tangu alfajiri. Vimekunjamana vidole tu." "Mimi urembo wa nini? Mkono niliutaka ule ule alioujua mtoto."

Daktari akaushika ule mkono laini. Akaanza kupandisha taratibu mkono wa gauni, aone kazi yake iliishia wapi. Akapita kifundo. Akafika kwenye kiwiko. Akakifinya.

Ngozi ikavutika. Akaiachia. Ikarudi polepole, bila haraka yoyote.

"Bibi," alinong'ona, "huku hatukufika."

Saa saba mchana mapazia yalikuwa yameshavutwa. Bibi alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akajipinda, akakilaza kiwiko juu ya mto.

"Ni mimi, baba. Jaribu hapa."

Mkono ukatoka ndani ya shuka, ukapapasa. Ukafinya. Ukasita. Mlangoni, binti wa bibi alisimama na mwiko mkononi, pumzi ameibana.

Ukafinya tena. Ukavuta. Ukaachia. Kisha ikasikika pumzi ndefu, na nyingine, na nyingine.

Kwa saa nne bibi hakujisogeza. Shingo ilimuuma, mkono ulikufa ganzi, mbu alimtua puani akamwacha ashibe. Alitabasamu tu.

Saa kumi na moja jioni gari lilipiga honi nje. Mjukuu aliamka amechangamka, akamaliza maziwa yote, akapiga mswaki baada ya kukumbushwa na mama yake, akambusu bibi kwenye paji la uso. Kisha akavaa koti lake lenye mistari minne ya dhahabu, akainama asigonge kichwa mlangoni, akaenda kurusha ndege ya abiria mia mbili na themanini.