Hofu Ilipofika Tisa

Siku hizi shahidi mkuu wa aliyeua kwa kujihami ni bangili yake, ile inayopima hofu mkononi mwa kila raia. Hofu ikifika tisa, ulijitetea. Isipofika, wewe ni muuaji.

Mwanahawa alisimama kizimbani bila wasiwasi. Jambazi alimvamia jikoni na panga, naye akampiga mchi mmoja tu wa kichwa.

“Tisa na nusu,” jaji alisoma. “Mwezi huohuo ilifika tisa mara nyingine sita, zote saa kumi na mbili jioni. Mama, uko huru.”

Saa kumi na mbili ndipo Shaibu, mumewe, hurudi kutoka kazini. Alikuwa ameketi nyuma yake, akisikia kila neno. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliitazama bangili ya mkewe.

Kesho yake jioni Mwanahawa alikuwa akikuna nazi huku akiimba. Mlango haukusukumwa kwa kishindo kama ulivyozoea.

“Hodi,” Shaibu aliita, nje ya nyumba yake mwenyewe.

“Karibu.”

Hakuingia. “Bangili inasoma ngapi?”

Mwanahawa aliitazama bila haraka.

“Mbili,” akasema. “Ingia polepole.”