Msalaba wa Mahari

Sumaku iliushika msalaba na kuung'ang'ania, na jambo hilo lilimkera Papa Mwenze kupita kiasi. Alitaka uanguke.

Ilikuwa sumaku ya friji tu, yenye picha ya basilika ya Koekelberg, lakini ilikuwa imeamua kesi nyingi. Msalaba wa Chuma wa kweli, ule waliovishwa askari wa Kijerumani katika vita vya 1914, una moyo wa chuma uliozungukwa na fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku huukamata. Misalaba mingi ya bandia huanguka mezani puu, na mwenyewe huenda zake kichwa chini.

Sebule yake huko Ganshoren, Brussels, ilikuwa imejaa wakwe watarajiwa. Juu ya zulia palikuwa na suti ya Papa Mwenze, vitenge vya mkewe Sidonie, taa, panga, na bahasha ya pesa ya mbuzi, maana mbuzi mwenyewe hapandi tramu. Hivyo vyote alivipokea bila neno. Lakini mwisho wa orodha ya mahari, kwa kalamu yake ya wino wa kijani ambayo kila mkusanyaji wa medali Brussels anaijua kutoka hati zake za ukaguzi, alikuwa ameongeza mstari mmoja: Msalaba wa Chuma, 1914, daraja la kwanza, halisi. Aliuongeza kwa kuwa alijua hakuna kijana atakayeupata. Hakumsomesha binti yake Océane sheria miaka mitano ili aolewe na mtu anayeogesha wazee huko Auderghem.

Mtu huyo, Bienfait, alikuwa amekaa pembeni, mikono magotini. Siku ya posa mchumba hafungui mdomo, husemewa. Aliyemsemea ni shangazi yake, Maman Kahambu wa Butembo, mwanamke mwenye sauti ya upole na mkoba mkubwa. Karibu na dirisha aliketi mzee Hilaire, Mbelgiji aliyezaliwa Likasi, Kongo, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji. Papa Mwenze alimwalika awe shahidi, ili kesho watu wasiseme amemwonea mtoto wa wenyewe.

"Papa, sumaku imekamata," alisema Maman Kahambu. "Donc ni ya kweli?"

"Maman, sumaku ni ya kuanzia tu. Batu ba siku hizi banatiaka chuma hata ndani ya fausse."

Akachukua lenzi yake, akauinamia msalaba. Mwamba ngoma huvutia kwake: jicho lake halikutafuta medali, lilitafuta kosa. Ukingo ulikuwa umeungwa vizuri, akasema umeungwa vizuri mno. Taji na tarehe vilisomeka wazi, akasema vinasomeka wazi mno.

"Kitu ya miaka cent et quelques, mia na zaidi, na haina hata kutu?"

"Na kama ingekuwa na kutu, Papa?"

"Basi ni acide. Balitia acide juu ipate kutu."

Océane aliinamisha kichwa. Sidonie alimtazama mumewe kwa jicho ambalo siku nyingine lingemfanya aombe radhi kabla ya kujua kosa lake. Papa Mwenze aliona huruma kidogo, akaimeza.

"Bon. Sikilizeni," alisema, akiegemea kiti. "Ya kweli ya namna hii nilishikaka moja tu. Moja. Niliuzishaka mwaka Océane alizaliwa, juu ya kununua poussette ya kumusukumia mutoto. Ile, hata bananifunga macho, ninaijua na kidole."

Akafumba macho kweli, akapitisha kidole juu ya msalaba uliokuwa mbele yake, taratibu, kutoka mkono mmoja wa msalaba hadi mwingine. Kisha akatikisa kichwa.

"Hii, hapana."

"Papa uko sûr?"

"Maman, mimi niko Mwenze."

Maman Kahambu alishusha pumzi ndefu. "Haya. Lakini kule kwetu bataniuliza, na mimi sijue mambo ya medali. Utuandikie basi, tuwaonyeshe."

Kuandika hukumu lilikuwa jambo ambalo Papa Mwenze hajawahi kulikataa. Alitoa kalamu, akaandika kwamba msalaba huu ni wa bandia, akatia sahihi yenye mkia mrefu, akaupuliza wino ukauke. Roho yake ilikuwa kwatu. Kule pembeni Bienfait alikuwa ameficha uso, mabega yanamtikisika. Papa Mwenze akamsogezea boksi la leso za karatasi, kiungwana, kama mwanamume kwa mwanamume.

"Aksanti, Papa." Maman Kahambu aliikunja hukumu, lakini badala ya kuitia mkobani, alitoa humo karatasi nyingine iliyochakaa kwenye mikunjo. "Kunabakia kakaratasi kamoja tu. Ule muzee Bienfait anamutunzaka kule Auderghem, alimupatia musalaba juu ya ndoa. Aka kalikuwa pamoja nao ndani ya boîte. Macho yangu haione tena vizuri. Muzee Hilaire atusomee."

Hilaire alivaa miwani. Alizilaza karatasi mbili mezani, ya zamani kando ya mpya, akazitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo akasoma ile ya zamani kwa sauti, polepole, ili hata waliokaa jikoni wasikie:

"'Msalaba wa Chuma, 1914, daraja la kwanza. Nimeukagua mimi mwenyewe. Ni halisi, naapa kwa kichwa cha binti yangu aliyezaliwa jana.'"

Wino ulikuwa wa kijani.