Nyota Moja kwa Kitabu cha Mshonaji

Jumanne, tarehe 11 Machi. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito. Nilisali, nikafungua duka la vitabu ninakouza, na hadi saa sita hakuna mteja aliyeingia. Ndipo nikachukua simu na kukipa kitabu cha mwenzangu nyota moja kati ya tano na maoni mafupi, kwa jina la uongo, bila kukisoma.

Tunasoma naye darasa la jioni la uandishi. Yeye ni mshonaji. Mswada wangu umekataliwa na wachapishaji kwa miaka sita. Wake aliuweka mtandaoni mwenyewe, na watu wanaununua kila siku. Roho iliniuma mpaka sala ya mchana ikanishinda.

Jioni mwalimu alitusomea maoni ya wasomaji wa kitabu hicho. Sifa tupu. Kisha akasoma: "Nyota moja. Gundi hafifu, kurasa zinachomoka."

Darasa likaangua kicheko.

"Kitabu kipo mtandaoni tu, kurasa zichomoke kwenye simu?" akauliza mwenzetu fundi bomba. "Huyo alikishika wapi?"

Mshonaji hakucheka. Alitazama vidole vyangu. Gundi ilikuwa imekaukia kwenye kucha, maana mimi ndiye ninayebandika vitabu vilivyolegea dukani.

"Dada, ni wewe?"

Nilisimama. "Ni mimi. Nisamehe. Nitakisoma, kisha nitaandika upya kwa jina langu."

"Na kikiwa kizuri kuliko chako?"



"Hata kikiwa kizuri kuliko changu, nitasema. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote."