Vikuukuu vya Bure

Kitanda cha mtoto kilikuwa na alama za meno.

Mtaalamu wa maabara aliinama kwa shida, tumbo la miezi saba likimzuia, akazihesabu kwa kidole kwenye ubao wa juu. Kumi na moja. Mtoto wa watu asiowajua aliotea meno hapa. Mumewe alisimama mlangoni, shati limelowa jasho, akisubiri kushukuriwa.

"Nilikuomba kitanda," alisema mkewe.

"Na hicho ni nini, meza?"

"Nilisema kipya."

"Mama kijacho, mbao za siku hizi ni makaratasi. Hiki wenyewe wamekiacha. Ningekiacha kinyeshewe?"

Mume alikuwa dereva wa lori la kuhamisha watu. Jumamosi moja alilala nyumbani, Jumamosi ya pili alikuwa safarini, na kila Jumamosi ya kurudi aliingia na kitu mkononi. Watu wakihama, alisema, huacha mali kama vile wanakimbia moto. Ndivyo lilivyokuja birika lenye mfuniko uliofungwa kwa waya. Likafuata kabati la droo tatu, ya chini haifunguki. Kisha saa ya ukutani, ambayo kila asubuhi ilimchelewesha mkewe kazini mpaka alipoacha kuitazama.

Ile droo aliishambulia kwa kisu, kisha kwa bisibisi. Mumewe alimwambia aiache, ina kiburi.

Maabara kwake ilikuwa mahali penye akili. Sindano ikitumika inatupwa. Dawa ikipita tarehe inamwagwa, na hakuna anayeililia. Kitu kilichokwisha kazi kina mahali pake, na mahali pake si sebuleni.

"Miaka miwili," alisema, akijiinua kwa kushika ukuta. "Miaka miwili naishi jalalani."

"Akiba haiozi."

"Akiba ni ya mwenye kuweka. Hizi ni akiba za wengine. Ipo siku utaniletea na mke waliyemwacha wakihama."

Mumewe alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo, kama ile saa.

Jumatatu lori liliondoka. Jioni hiyohiyo mkewe alipiga picha: kitanda, birika, saa, kabati. Akazituma kwenye kundi la simu la wafanyakazi wa hospitali na kuwaomba wazisambaze kwa jamaa zao. Maneno yalikuwa machache: *Vikuukuu vya bure. Atakayewahi abebe. Jumamosi asubuhi.* Akaandika na namba ya nyumba. Mwenyewe hatarudi kabla ya Jumamosi ya pili yake, naye atakuta nyumba nyeupe. Akitaka kununa, anunie kitanda kipya.

Jumamosi hakutulia. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa, na kila alipopita karibu na kabati alilipiga teke.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa makamo, kanga imenyooshwa vizuri, mkoba begani. Hakuwa na mtu wa kumsaidia kubeba.

"Karibu, dada. Umeona picha?"

"Nimeziona."

"Basi chagua. Ukibeba vyote nitakuombea dua."

Mgeni hakuchagua. Alisimama katikati ya sebule akakitazama kitu kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Akalinyanyua birika, kidole gumba juu ya mfuniko usianguke, akalirudisha. Akainua macho ukutani.

"Inachelewa dakika nane," alisema.

Hakuwa na saa mkononi.

"Nane, kumi, nani anajua," alisema mwenye nyumba. Wiki nzima hasira zake zilikuwa zimekosa msikilizaji, sasa zikampata. "Dada yangu, nimeolewa na mtu asiyeweza kutupa hata msumari. Ni maradhi. Nimesema mpaka koo limekauka. Nalea mimba ndani ya stoo."

"Wangu ni kinyume chake," alisema mgeni. "Kitu kikipata ufa tu, siku ya pili hukioni. Nikiuliza, anasema nimezoea kurundika takataka."

"Tungebadilishana."

Mgeni hakucheka. Alikuwa amefika kwenye kitanda. Alipitisha mkono kwenye ubao wa juu, na vidole vyake vikasimama kwenye zile alama za meno.

"Hicho kigumu, kitakufaa," alisema mwenye nyumba. "Na kabati lile pia. Ila nisikudanganye, droo ya chini imekufa. Nimeichokonoa mpaka bisibisi imepinda."

Mgeni alichuchumaa mbele ya kabati. Akaligonga ubavuni kwa kiganja, mara mbili. Akainua kishikio juu kidogo, akavuta.

Droo ilifunguka bila sauti.

Ndani palikuwa na karatasi ya kutandikia, na juu yake soksi moja ya mtoto mchanga, ya buluu, imekunjwa. Mgeni aliitoa, akaitia mkobani. Hakuomba ruhusa.

"Kila Jumamosi anapoondoka na kitu," alisema, "huniambia anakipitisha jalalani."

Kisha akalitazama tumbo.

"Na hiyo ina miezi mingapi, mdogo wangu?"