Nta ya Mlango wa Nyuma

Injini ilikuwa inanguruma na Tunu ameshafunga mkanda, lakini baba yake, Mzee Shaame, bado anapaka nta mlango wa nyuma wa gari, akizungusha kitambaa polepole.

"Baba, kazini watanifukuza hata sijaanza."

"Ngoja ikauke niifute. Ukienda hivi vumbi litagandia hapo, rangi iharibike."

"Si uliipaka jana?"

"Jana hukuwa unaondoka."

Tunu akamtazama kwenye kioo.

"Basi usiifute. Nitalirudisha gari Idi, uifute mwenyewe."

Mzee akakunja kitambaa, akakitia mfukoni.

Tunu kazi aliianza huko mjini, akaolewa hukohuko. Mzee Shaame hakuishi kufika Idi. Gari huoshwa kila Jumamosi, isipokuwa mlango mmoja, wenye miduara ya mkono iliyoshika vumbi.