Plasta Chini ya Vikombe

Miaka mitatu Bi Zamzam alikwepa kuandika wasia, akihofia wanawe wataanza kumtazama kama maiti. Siku alipokata shauri aliwaita wote wawili, akawapikia vitumbua. Alipogeuza vikombe vya wageni ili amimine chai, aliona chini ya kila kimoja kipande cha plasta chenye jina. Hamdani. Sabiha. Hamdani tena.

“Mmebandika lini?”

“Ulipolazwa ile mara ya kwanza, Mama,” Sabiha alisema huku anatafuna. “Tuliona tugawane mapema, tusije tukagombana.”

Bi Zamzam aliingia chumbani, akanyanyua godoro. Kwenye ubao wa kitanda palibandikwa jina la Hamdani, na plasta ilishaanza kuchakaa. Miaka yote hiyo alikuwa akiilalia.

Akafungua kasha, akatoa sanda aliyojinunulia mwenyewe, akaikagua pembe zote. Haikuwa na jina. Akarudi nayo, akaitandaza mezani juu ya sahani.

“Hii mliisahau,” alisema. “Anaichukua nani?”

Hamdani akamtazama dada yake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mafuta ya vitumbua yakaanza kupenya kitambaa cheupe, doa moja, kisha la pili.