Mshindi wa Mkolani

Kwaruu. Kimya kidogo. Kwaruu tena.

Selina alifumbua macho. Kulikuwa bado hakujapambazuka, lakini sauti ile aliijua: kisu kinapitishwa kwenye mdomo wa kibubu, kinavuta noti. Akapapasa upande wa pili wa kitanda. Revocatus hakuwepo.

Alipofika sebuleni, mlango wa uani ulikuwa unafunguliwa. Mumewe aliingia, kandambili miguuni.

"Unatoka wapi?"

"Chooni. Kwani kuna nini?"

Selina alikimulika kibubu kwa simu. Mdomo wake ulikuwa na michubuko mipya. Humo ndimo alimokuwa akiweka ada yake ya mtihani wa kidato cha nne, baada ya kusoma masomo ya jioni huku binti yao Dorotea amemlalia mapajani. Mwaka jana Revocatus alibeti mpira wa miguu mpaka kiwanja chao cha Kiseke kikaenda. Akaapa mbele ya jumuiya nzima kwamba habeti tena. Selina naye aliapa la kwake: akirudia, ndoa imekwisha.

Asubuhi alikwenda kununua mkaa. Vijana waliokaa nje ya kibanda cha kubeti walimwona.

"Shemeji, tununulie soda basi," alisema mmoja wao, Ngosha.

"Ya nini?"

"Usijifanye hujui. Mzee kahamia kwenye tenisi, na wenzake hatuambii."

Akamwonyesha runinga ukutani, majina ya washindi wa wiki yakipita. Selina alisoma: Revocatus Shimba, Mkolani, tenisi. Akasubiri lipite tena, akalisoma taratibu kama mtu anayejifunza herufi.

Alirudi nyumbani bila mkaa.

Revocatus alikuwa uani, amefungua injini ya mtumbwi wa mteja, mikono imejaa grisi.

"Tenisi? Mimi? Mama Dorotea, hata pointi zake sijui zinahesabiwaje."

"Jina nimelisoma kwa macho yangu."

"Jina ni langu. Aliyebeti siyo mimi."

"Na kile kiwanja, nacho kilichukuliwa na jina?"

Revocatus akapangusa mikono, akakusanya spana zake na nguo chache. "Nitakuwa Sengerema kwa rafiki yangu Antoni," alisema, akashika njia ya kwenda kwenye kivuko.

Mama yake, Bibi Kashindye, alikuwa kajiinamia juu ya ungo wa mchele. Tangu ahamie kwao kutoka Bujora, hakuwahi kuingilia ugomvi wao. Leo aliingilia.

"Mwite arudi, mwanangu. Revo siyo mtu mbaya. Mashine ya kusajili laini yangu ya simu ilipovikataa vidole vyangu hivi, jembe limefuta alama zote, si ni yeye aliyeniwekea vyake? Nani mwingine angenikumbuka?"

"Mama, kukuwekea dole ni jambo jingine. Huyu aliniahidi mbele za watu."

"Kiwanja kitarudi. Ngoja tu kidogo. Mungu ana njia zake."

"Asingekuwa mwongo, ningengoja."

Bibi akauchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Tone moja liliangukia kwenye ungo. Selina alimwonea huruma. Hakuna mama anayependa kusikia mwanawe akiitwa mwongo.

Alasiri Dorotea alirudi kutoka shuleni, akaenda moja kwa moja kuketi kwa bibi yake, kama kawaida. Selina aliwatazama kutoka mlangoni. Angalau kimoja kilikuwa kizuri katika nyumba hii. Mtoto aliyekuwa akijikwaa kwenye silabi sasa alisoma hata maneno marefu yasiyo ya Kiswahili, kwa sababu bibi hakwenda shule na meseji zake zote alisomewa na mjukuu.

Kivuko kitakuwa kimeshaondoka, Selina aliwaza. Akaivua pete ya ndoa. Ilikataa kwenye kifundo, akailainisha kwa mate, ikatoka. Akaipitisha kwenye mdomo wa kibubu.

Iligonga mbao tupu.

Bibi Kashindye alishtuka. Akainuka nusu, akamtazama mkwewe, akaitazama ile alama nyeupe kidoleni mwake.

"Mwanangu," alianza kwa sauti ya chini, "kuna neno nataka—"

Simu yake ndogo ikalia juu ya mkeka. Dorotea akawahi kuichukua. Alipitisha kidole chini ya maneno, midomo ikicheza, kisha akainua uso uliojaa furaha.

"Bibi, yule Mkanada wetu ameshinda seti mbili."